Pua ya Banda la Gundi

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, masomo yanaendelea. Wewe na mama hamjambo? Kikohozi chako je? Naituma barua hii kwa sanduku la kiwanda kama ulivyosema, uisome wakati wa chai.

Juzi mwalimu wa kemia alifungua kopo la gundi ya viatu. Wenzangu wote walibana pua. Mimi nilijikuta mlangoni kwetu, nina miaka sita, nimekukimbilia na kuuficha uso kwenye shati lako. Utotoni niliamini kila baba hunukia hivyo. Nilifumba macho, mwalimu akauliza kama nasinzia, nikaona haya kumweleza.

Unakumbuka siku uliyonipeleka bandani? Milango ilikuwa imefungwa ili vumbi lisishike kwenye soli, na watu wote walikuwa wakikutazama wewe, waliyekuita Pua. Ulivuta hewa ukasema, "Bado." Kazi ikaendelea. Baadaye ukavuta tena, ukasikia mvuke wa gundi umezidi: "Fungueni!" Milango yote minne ikafunguliwa. Nilidhani kiwanda ni chako.

Mwalimu anasema pua inayokaa na harufu moja miaka mingi huizoea mpaka isiisikie. Siku hizi unasema "Fungueni" mara ngapi?

Mwanao

19 Februari

Profesa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kikohozi kipo, tumezoeana. Mama yako amenuna: Jumapili aliniachia maharage jikoni, nikasoma gazeti kando ya sufuria mpaka yakawa mkaa. "Pua yote hiyo, ni pambo?" akaniuliza. Nikaenda kusugua sufuria.

Zamani nilifungulisha milango mara tano au sita kwa siku. Sasa mara moja, na wiki nyingine hata hiyo hapana. Nadhani gundi za siku hizi ni nzuri zaidi. Vijana wapya ndio wanaolalamika vichwa vinauma. Tunawaambia watazoea.

Umeuliza wakati mwafaka. Amekuja mkaguzi wa usalama kazini. Wanataka kuweka kikomo cha mvuke wa gundi ambao mtu ataruhusiwa kuvuta kwa zamu nzima. Mkaguzi anataka usizidi sehemu ishirini katika kila sehemu milioni za hewa. Meneja anasema hata mia moja si neno. Wataamua kikaoni tarehe 30 Machi. Meneja ameandika karatasi kwamba mimi, kwa miaka yangu kumi na tisa, nathibitisha hewa ya banda ni salama. Anataka niisaini mbele ya wote. "Pua akisema safi, nani atabisha?" Nami sioni ubaya. Sisikii harufu yoyote humo ndani.

Baba yako

27 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinukia banda kama zote. Nimeilaza sandukuni kati ya nguo zangu. Leo naandika kifupi kwa sababu kengele imelia. Tafadhali usisaini kitu mpaka nikuandikie tena.

Mwanao

11 Machi

Profesa,

Marahaba. Barua gani hiyo, mistari minne! Tena karatasi ina madoa ya mafuta. Siku hizi unaandika huku unakula? Niliisoma wakati wa chai. Mkuu wa zamu alipita nyuma yangu akauliza, "Nani ana jino bovu hapa?" Sikumwelewa. Yule naye utani wake haueleweki.

Niambie basi, kwa nini nisisaini?

Baba yako

18 Machi

Baba,

Shikamoo. Hii ni mara ya nne naianza barua hii.

Sikuwa nakula. Karatasi ile niliipaka mafuta ya karafuu, dawa ya jino niliyoomba kwa matroni, chupa nzima. Bweni lote lilinuka. Rafiki yangu alihamia kitanda cha mwisho. Mkuu wa zamu aliinusa akipita tu. Wewe uliishika mkononi, ukaisoma, ukaona madoa.

Hata maharage, baba.

Nisamehe kwa kukujaribu kama panya wa maabara. Nilitamani uniandikie, "Mbona karatasi inanuka karafuu?" Nilikuwa nimeshaandaa kicheko. Huwezi kusema hewa ni safi, kwa sababu huwezi kujua. Wale vijana wenye vichwa vinavyouma ndio wanaojua. Usisaini.

Mwanao

16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijapata barua. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Mwanao

23 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikasirika. Siku tatu sikuongea vizuri na mtu. Kisha nilimpelekea mama yako karatasi yako ya mafuta. Kabla sijafika jikoni akapaza sauti: "Nani anaumwa jino?" Nikakaa kitako kwenye ngazi.

Kikaoni meneja alinipa kalamu. Nikamwomba mkaguzi makopo mawili, moja la gundi, moja la maji, nikafumba macho nitambue la gundi kwa kunusa. Nilichagua maji. Watu wakacheka, wakidhani Pua anafanya vituko. Nikarudia, nikachagua maji tena. Mkuu wa zamu akasema, "Ondoka hapo, mzee, nikuonyeshe." Yeye karafuu aliipata, lakini gundi alikosa. Wakongwe wote tulikosa. Kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita hata hakuinama: "Hilo la kushoto." Hapo hakuna aliyecheka.

Kikomo kimewekwa ishirini. Kila mmoja anabana kidude cha kupimia kwenye kola, na feni kubwa mbili zimefungwa ukutani. Mimi nimehamishiwa kufunga viatu kwenye maboksi. Daktari anasema pua huenda ikarudi, huenda isirudi. Kikohozi kimepungua. Bandani bado wananiita Pua, kwa heshima tu.

Mama yako anasema mashati yangu sasa yanafuliwa mara moja yakatakata.

Baba yako

2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimekosa maneno, mimi profesa wako.

Nilipoifungua barua yako niliinusa kwanza, kama ninavyofanya siku zote. Inanukia karatasi tu. Niliinusa tena. Kisha nikalia, na rafiki yangu akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni habari njema.

Ile ya Februari bado ina harufu kidogo. Nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na siifungui ovyo, isije ikaisha.

Mwanao