Kwako Mama Viwavi, Kutoka Chumba cha Wageni

Mwaka umetimia leo, mke wangu, tangu ulipotutoka, na asubuhi bado naweka vikombe viwili mezani, kisha narudisha kimoja kabatini kabla watoto hawajaniona.

Nakukumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka shamba la majaribio: vipande vya majani ya mahindi kwenye nywele, kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Ulianza kusimulia kabla hujavua viatu. Mtaa mzima ulikuita Mama Viwavi, nawe ukaitika kama vile ndilo jina ulilopewa na wazazi wako. Wakulima walikupigia simu hata tukiwa tunakula, na hukuwahi kumkatia mtu.

Kazi yako ilinichukua miaka kuielewa, mimi fundi cherehani. Kuna mahindi yenye sumu yao wenyewe ndani ya majani. Kiwavi akila, anakufa. Wewe uliwaambia wakulima waache mistari kadhaa ya mahindi ya kawaida pembeni, viwavi wajilie. Nikakucheka: "Yaani umesoma miaka yote hiyo ili uje uwalimie wadudu?"

Hukukasirika. "Fundi, viwavi sugu wachache, wasiouawa na sumu, hawakosekani. Wakioana wao kwa wao, watazaa sugu watupu na mahindi hayatapona. Lakini wakipata wachumba wanyonge huko pembeni, watoto wao wengi sumu bado itawaweza."

Tangu siku hiyo nikawatangazia watu kwamba nimeoa mshenga wa nondo, wale vipepeo wa usiku ambao viwavi hugeuka wakikua.

Ndiyo maana uliwapenda wale viwavi wanyonge uliowafuga maabara, ambao ukoo wao haukuwahi kuonja sumu tangu kizazi cha kwanza. Kila kiwavi aliyeletwa kutoka mashambani alilinganishwa nao, ijulikane kama usugu umeanza. "Hawa wakifa, sina kipimo tena," ulikuwa ukisema. Vizazi vyao uliviandika kwenye daftari la kijani, ambalo hata mimi sikuruhusiwa kuligusa.

Jengo la maabara lilipopuliziwa dawa ya mchwa, ukawaleta nyumbani, wakakaa chumba cha wageni, kila mmoja na kikombe chake, maana wakichanganywa wanatafunana. Chakula chao cha unga wa maharage ukakiweka kwenye friji. Mdogo wako, shemeji yangu, akala bakuli zima akidhani ni kitu cha watoto. Akasifu, ila akasema sukari imepungua kidogo. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Wiki hiyohiyo ukaugua ghafla, ukalazwa.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ya tatu hospitalini uliniuliza kwa sauti ndogo, "Fundi, umewalisha?" Nilikasirika moyoni. Mke wangu hawezi hata kuinua kichwa, ananiuliza habari za viwavi! Nikajibu, "Nimewalisha, wewe pumzika." Ukatabasamu, ukafumba macho. Nilikudanganya, mama. Sikuwa nimefungua hata mlango wa chumba kile. Kesho yake ukaondoka, na hayo yakawa maneno yetu ya mwisho.

Tulipotoka kukuzika nilikwenda moja kwa moja chumba cha wageni, nikiwa bado na nguo za msibani. Kati ya vikombe mia mbili, walio hai walikuwa kumi na tisa. Nilikaa kitandani nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Kisha nikachukua brashi yako ndogo nikawahamisha mmoja mmoja kwenye chakula kipya. Vidole vyangu vimezoea sindano, siku ile vikajifunza brashi.

Mwenzako wa maabara hakunificha. Kumi na tisa ni wachache mno, alisema, huenda ukoo ukafifia. Tukakomaa nao hivyohivyo. Akanifundisha kupika chakula chao na kukusanya mayai. Binti yetu mkubwa akachukua daftari la kijani. Mwandiko wake ni wako mtupu, na kila nikiusoma moyo unaniuma na kufurahi kwa pamoja.

Mwezi uliopita walichukuliwa wachache wakapimwe kama bado ni wanyonge kama ulivyowaacha. Nilisubiri kwenye benchi la nje kama mzazi mwenye mtoto chumba cha mtihani. Mwenzako akatoka mbio: "Wamekufa, baba! Dozi ya chini kabisa ya sumu, wamekufa wote!" Tukakumbatiana, tukarukaruka. Mlinzi wa getini alituangalia, nadhani alituona tumechanganyikiwa. Kipimo chako kipo, mke wangu. Hakikupotea.

Unakumbukwa na mimi mumeo. Na binti zetu wawili, kifungua mimba mwenye daftari na kitinda mimba anayevaa koti lako jeupe la maabara likiburuzika sakafuni. Na mama yako mzazi. Na mdogo wako, ambaye siku hizi anauliza kwanza ndipo afungue bakuli. Na wenzako wote wa maabara. Maadamu tunapumua, hutatoka mioyoni mwetu.

Uliwaacha wakiwa kizazi cha mia moja arobaini na sita. Leo ni cha mia moja hamsini na saba. Nimewalisha asubuhi, kabla sijaketi kuandika haya. Safari hii ni kweli.