Kiptanui wa Tivii

Nakuru,
Jumatatu, 9 Juni 2008

Kwa kaka yangu Nyongesa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Mguu unaendeleaje, na yule ng'ombe uliyesema amekataa kula? Shemeji na watoto nawasalimu wote. Mimi niko, mvua inanyesha, makaa yanatoka polepole lakini silali njaa. Mwandiko utanisamehe, unajua niliachia darasa la nne. Simu sikutaka kwa sababu Zeddy wangu ndiye huichukua kwanza hapo kwako. Tafadhali hii usome ukiwa peke yako.

Huko hamna stima, kwa hivyo hukuona kile kipindi cha Zeddy, Boma la Mzee Kipkirui. Kilikuwa cha Jumapili jioni, habari ya mzee mmoja na watoto wake wakigombania shamba. Picha walikuwa wanachukua kule Bahati, kwenye nyumba moja ya mawe. Zeddy alienda kutafuta kazi ya kubeba nyaya, halafu yule mtu wa kuwa Kiptanui, mtoto mkubwa wa mzee, akakosa kuja, wakamwambia hebu jaribu wewe. Sasa fikiria, Mbukusu mzima awe Kiptanui, mtu wa kabila lingine! Aliyemfundisha ni Kosgei, jirani yangu hapa ploti, kijana wa Olenguruone aliyekuwa akifanya kazi ya kusaga unga. Kila jioni alikaa kwangu akimwonyesha vile watu wa kwao wanatamka, wanatembea, hata wanacheka. Alikuwa anamwambia, wewe bwana unacheka kama mtu ameibiwa kuku, hebu cheka kama mwenye ng'ombe. Tulicheka mpaka chai inapoa. Mimi aliniita mama, na akitoka kwao hakosi kuniletea maziwa ya kibuyu.

Kipindi kilishika kabisa. Sokoni jina langu lilipotea, ikawa ni Mama Kiptanui, mwambie huyo mtoto wako amheshimu babake! Mwanamke mmoja alikataa makaa yangu ati kwa sababu Kiptanui alimsukuma mzee. Nami kaka, nilisikia raha. Nilikuwa naitika.

Jumapili ya saba, kabla ya kura, Mzee Kipkirui alitaka kuuza shamba, na Kiptanui akainua panga akasema mgeni yeyote akikanyaga hapa ataondoka akiwa amebebwa. Ni maneno aliandikiwa. Baada ya hiyo kipindi kikakatika, na watu wa kamera hatujawaona mpaka leo.

Sasa ile Jumamosi ya mwezi wa kwanza. Tangu Alhamisi mji ulikuwa unawaka kwa vita vya kura. Mtaani kwetu waliotafutwa ni watu wa kina Kosgei, na huko juu kwao nao walikuwa wanachoma na kukata watu wa upande huu, hakuna upande uliobaki bila damu. Nilimficha Kosgei kwenye stoo ya makaa nyuma ya nyumba. Komeo lilikuwa la ndani. Tulikubaliana asifungulie mtu mpaka asikie sauti yangu.

Saa sita mchana wakaingia vijana kama ishirini, na panga na rungu na vyuma. Hawakumuulizia Kosgei. Walisema wanamtaka Kiptanui wa tivii, yule alisema wageni waondoke. Nikawaambia huyu ni Zedekiah, ni mtoto wangu, nikaleta kitambulisho. Mmoja wa kofia nyekundu, sijui alitoka mtaa gani, akakirarua akasema hizo zinanunuliwa. Wakamwambia Zeddy aongee kikwetu. Unajua huyu alizaliwa hapa, kikwetu chake ni cha salamu tu, na hata hizo zilikwama. Wakacheka. Wakamwambia basi Kiptanui, tuambie ile ya mgeni ataondoka akiwa amebebwa. Alipokataa, wakampiga chuma kwa kichwa. Akaanguka. Ngigi, yule hutengeneza baiskeli hapa kona, akapiga kelele ati namjua, ni wa mama wa makaa, ile ilikuwa tu ni mchezo. Akaambiwa anyamaze au alale chini pia. Wakamgeuza Zeddy kifudifudi, yule wa kofia akamkanyaga shingo na kuinua panga.

Nilikuambia kwa simu kwamba walimwachilia kwa sababu ya machozi yangu, na kwamba Kosgei aliruka ua akaenda. Zeddy naye anajua hivyo, alikuwa amezimia. Kaka, nilikudanganya.

Nilisema huyu amefundishwa tu, aliyemfundisha yuko kwa stoo. Hakuna aliyeniuliza. Nilisema mwenyewe.

Wakaenda, wakasukuma mlango, haukufunguka. Yule wa kofia akaniambia, mathe, mwite. Nikasema, Kosgei, chukua chai. Akafungua. Alikuwa mweusi wa makaa mpaka kope, na mkono ameshaunyoosha apokee kikombe. Panga la kwanza lilishukia mkono huo. Hakulia. Aliniangalia tu kama mtu ambaye hajaelewa. Yale mengine sitaandika, lakini niliyaona yote, sikufumba macho. Ngigi ndiye aliyembeba Zeddy mgongoni mpaka polisi. Kosgei alipakiwa kwenye lori la maiti Jumatatu, na mimi sikutokea kusema jina lake.

Mwezi wa tatu mamake alikuja, anaitwa Jerotich, mwembamba hivi. Amezunguka kambi zote na hospitali akiuliza. Nikampa chai, nikamwambia kijana aliruka ua. Akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumficha mtoto wake siku hizo. Kaka, alinishukuru. Mpaka leo anatafuta.

Jana Zeddy amenipigia, ati kichwa kimepona na wiki ijayo anataka kwenda Olenguruone kumwona Kosgei. Mzuie. Alhamisi naenda mimi. Nitamwambia Jerotich yote, na siku ya lile lori, ili aulize mochari vizuri. Ngigi ananiambia nina wazimu, nitaachwa huko. Labda. Sitaki mtoto wangu aingie boma hilo akiuliza rafiki yake yuko wapi.

Nikirudi nitapiga simu Ijumaa. Ijumaa ikipita kimya, mwambie Zeddy vile nilivyoandika, usipunguze kitu, na usikubali mtu yeyote wa kwetu ashike panga kwa ajili yangu. Wewe ndiye mkubwa, watakusikia.

Msalimie mama mkwe wako na wa kanisani wote. Zeddy mwambie avae sweta, huko asubuhi ni baridi.

Ni mimi dada yako,
Nabalayo