Pini Tatu Zilizolala

Tangini, Kibaha
Alhamisi, 1 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na kile kifua kilichokusumbua wakati wa vuli kimetulia. Huku sote wazima. Baba anakusalimu, anasema mihogo uliyotuma iliisha siku ile ile na wa kulaumiwa ni mimi.

Nakuandikia kwa kuwa simu huitaki. Unasema mtu akikupigia anataka jibu kabla hujafikiri. Haya, fikiri kwa nafasi. Jirani yako Bi Swaumu akileta machungwa yake sokoni Mailimoja Jumatano, nitatafuta barua yako kwenye kikapu chake.

Unaikumbuka kompyuta yangu ya gemu, ile uliyosema inavuma kama mashine ya kusaga? Siku hizi ndiyo inayonipa kazi. Nachora nyumba ambazo hazijajengwa. Sasa kamati ya madrasa ya Mlandizi inataka video: mtu aingie kwenye madrasa mpya, apite madarasani, atokee uani penye birika la kutawadhia, wakati pale kiwanjani leo kuna nyasi tu. Wataionyesha kwenye mkutano wa Jumamosi, tarehe 2 Machi.

Video ni maelfu ya picha, na kompyuta inazichora moja moja. Kinachochora kinaitwa kadi ya picha. Kwa kadi yangu moja ni siku kumi na nane. Kwa mbili ni tisa. Na kamati bado inahamisha milango na madirisha. Kauli ya mwisho wameniahidi tarehe 20. Kwa hiyo lazima ziwe mbili.

Kadi ya pili ninayo. Seifu, niliyekuwa nikicheza naye gemu, amehamia Mwanza akaniachia yake. Tatizo ni madabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kifaa huchomekwa juu yake: wangu ulikuwa na nafasi ya kadi moja tu. Jana nimeubadilisha Kariakoo, nikaacha wa zamani pamoja na prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, nikachukua wenye nafasi mbili na prosesa nyingine. Nataka kufunga mwenyewe. Wewe ulichomelea mabodi ya redio kiwandani Dar kabla sijazaliwa. Nipe mawili matatu ya kunikinga.

Mwanao,
Hamisa

*

Msimbu, Kisarawe
Jumanne, 6 Februari 2024

Mwanangu Hamisa,

Marahaba. Kifua kimepona, goti limepokea zamu. Mwambie kaka yangu mihogo ipo, aje achimbe mwenyewe, mikono anayo.

Nilisoma nikajiuliza kwa nini kadi mbili zichore picha za mtu mmoja. Kisha nikakumbuka kuwa kiwandani tulikuwa wanawake kumi na wawili kwenye redio moja. Nimeelewa.

Sasa sikiliza. Usivae nailoni, vaa pamba. Kabla hujagusa ubao, shika chuma kitupu, nondo za dirisha zinatosha, ule umeme uliojificha mwilini utoke. Shika ubao pembeni, kama sahani ya mchuzi. Usifanye kazi una njaa. Na asiwepo mtu wa kukusemesha. Msimamizi wetu alikuwa anafukuza mtu kwa kupiga mluzi tu.

Kinachokataa kuingia usikilazimishe. Kitoe, kitazame, uanze upya.

Shangazi yako,
Zubeda

*

Tangini
Alhamisi, 8 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio sijui.

Nilivaa pamba. Nilishika nondo. Nilikula ubwabwa na maharage mpaka nikashindwa kuinama. Lakini rafiki yangu Raudha aliingia bila hodi, akasema, "We Hamisa, unafanya upasuaji?" Nikacheka, na prosesa ikaniponyoka vidoleni ikatua kwa kona kwenye kiti chake juu ya madabodi. Kile kiti kina pini zaidi ya elfu moja, nyembamba kuliko kope. Tatu zimelala.

Nikafunga hivyo hivyo nikijidanganya. Nikawasha. Feni zikazunguka, kioo cheusi.

Nimempelekea Hashiru, fundi kompyuta wa Mailimoja. Aliangalia muda wa kupiga chafya. "Hii tupa, dada." Muuzaji naye anasema pini nimelaza mwenyewe, na kweli nimelaza mwenyewe. Ule ubao wa zamani ameshampa mtu mwingine.

Michoro naendelea nayo kwenye laptop ya Raudha, ametoa mwenyewe kwa aibu. Ila video hiyo laptop haiwezi kabisa.

Nimeifunga madabodi kwenye taulo na kuiweka ndani ya boksi, Bi Swaumu anakuletea. Shangazi, zisimamishe. Sijui mtu mwingine mwenye mikono hiyo.

Mwanao,
Hamisa

*

Msimbu
Jumanne, 13 Februari 2024

Hamisa mwanangu,

Salama. Goti linatembea. Pole sana, na Raudha mwambie ajifunze kubisha hodi.

Boksi lako linarudi kama lilivyokuja, sijalifungua. Usinune kabla hujafika mwisho wa barua.

Mwaka juzi Mbaraka, mwenye genge hapa, aliniletea redio yake. Waya mmoja tu umekatika. Mkono ukatetemeka, pasi ya kuchomelea ikateleza, nikachoma ubao mzima mbele ya macho yake. Hakunitukana. Aliniambia kwa upole, "Bibi, pumzika sasa." Angenitukana ningemjibu. Yule hakuniachia la kujibu. Nilikusanya vifaa vyangu nikavisukuma uvunguni, na tangu siku hiyo nalima tu.

Mikono unayoisifia ni ya zamani, wewe uliisikia kwa baba yako. Nikikuharibia na wewe, sitaweza kuja kwenu hata sikukuu. Tafuta fundi.

Shangazi yako,
Zubeda

*

Tangini
Alhamisi, 15 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tuko salama, baba kaenda Mlandizi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili nilimkasirikia Mbaraka. Ya tatu niliona haya kwamba miaka miwili yote nakuja kula mihogo na sijauliza redio zimeenda wapi.

Nimejaribu mwenyewe kwa sindano. Ilipoigusa pini ya kwanza niliona inakwenda upande nisiotaka, nikaacha. Ikikatika ndiyo basi. Nimempigia Hussen, katibu wa kamati, nikamwambia ajiandae na michoro ya karatasi. Akaniuliza, "Na watoto tuliowaahidi kuwa wataiona shule yao inatembea?"

Boksi linarudi tena kwako. Nalituma kwa mara ya mwisho. Sikuombi uguse. Itazame tu kwa lenzi yako, unichoree nisukume upande gani na kwa nguvu gani. Mikono itakuwa yangu, macho yako.

Mwanao,
Hamisa

*

Msimbu
Jumanne, 20 Februari 2024

Hamisa,

Sisi wazima, na wewe una kichwa kigumu kama marehemu bibi yako.

Nilisema nitatazama tu. Nikatoa lenzi. Nikaziona, tatu, zimelala kama walevi, na kila nilipotaka kukuchorea niliona maneno hayatoshi. Pini huisukumi, unaishawishi. Hilo nalichoraje?

Nikachukua sindano. Mkono ukatetemeka. Nikaiweka chini. Nikauegemeza mkono juu ya mfuko wa mchele, nikatoa pumzi, na pale pumzi inapoishia, kabla ya kuvuta nyingine, mkono ukatulia. Kidogo tu. Lakini kidogo hicho kinatosha kazi kama hii. Nikawa nafanya kazi mwishoni mwa pumzi.

Mbili zikasimama. Ya tatu ikakataa. Nikaiacha, nikaswali alasiri, nikanywa chai na kiazi, nikarudi. Ikakubali kama vile ilikuwa inaningoja nile kwanza.

Kazi ya robo saa nimeifanya kwa saa nne. Kiwandani wangenifukuza. Nilipomaliza nilikaa nje, majirani wakapita wakiuliza mbona nacheka peke yangu.

Lakini huku sina cha kuijaribia. Ikikataa kuwaka uniambie kweli. Usinifariji, Hamisa. Nimeshafarijiwa.

Shangazi yako,
Zubeda

*

Tangini
Alhamisi, 7 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Najua Bi Swaumu alirudi kwako mikono mitupu wiki mbili mfululizo, na ameniambia ulivyomhoji. Nisamehe. Niliogopa kuandika kabla ya mwisho, na wewe ulitaka ukweli.

Ukweli ndio huu. Siku ile ile boksi lilipofika niliifunga madabodi, mlango nimeukomea. Nikawasha. Ikawaka! Nilipiga ukelele baba akatoka bafuni na sabuni. Lakini ilikuwa inaona kadi moja tu, ile ya Seifu haipo. Nikajua pini ya nne imelala tusiyoiona. Nikakaa chini, machozi yananilenga. Raudha akaniuliza kutoka dirishani, "Na huu waya unaoning'inia ni wa nini?" Ulikuwa waya wa umeme wa kadi ya pili. Nilikuwa sijauchomeka. Nimemsamehe yote.

Siku tisa kadi zote mbili zimechora, chumba kikawa cha moto kama jiko la mkate. Umeme ulikatika mara mbili, kila ukirudi tunaendelea tulipoishia. Picha ya mwisho ilitoka Ijumaa adhuhuri.

Jumamosi waliionyesha ukutani, mapazia yameshushwa. Ilipofika uani, mtoto mmoja akasimama akaenda kugusa ukuta, akataka kuingia. Mzee Latifu, aliyetoa kiwanja, akauliza, "Hii imejengwa lini, mbona sikuambiwa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akacheka, kisha akafuta macho. Hussen akaniita mbele nishangiliwe. Nikasema aliyeiponya mashine ni shangazi yangu, Bi Zubeda wa Msimbu, wakakushangilia ingawa hukuwepo.

Sasa kuna hili. Hashiru fundi alikuja kuona kwa macho yake. Aliangalia zile pini mpaka shingo ikamuuma. Akasema, "Huyu fundi yuko wapi?" Nikamwambia. Ana madabodi mbili za wateja, ugonjwa ule ule, alikuwa azitupe. Ziko kwenye boksi hili. Hataki ahadi, anataka ujaribu.

Mwanao,
Hamisa

*

Tangini
Alhamisi, 21 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Jumatano mbili zimepita, kikapu kina machungwa tu. Unaumwa? Nilikosea kukutumia kazi za watu? Kama zimekushinda, Hashiru hana neno, mimi ndiyo kabisa. Niandikie hata mstari.

Mwanao,
Hamisa

*

Msimbu
Jumanne, 26 Machi 2024

Hamisa,

Na kwako iwe njema. Mimi mzima.

Madabodi moja imepona. Nyingine ilikuja na pini imekatika, hiyo imekufa, nimemwandikia Hashiru mwenyewe nikamweleza. Amenijibu na kunitumia tatu zaidi. Nimehamisha meza karibu na dirisha.

Barua ndefu nitakuandikia nikipata nafasi. Sasa hivi nimeshika pumzi.

Shangazi yako,
Zubeda