Jiwe la Kisiwani

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la watu wazima limenifikisha hapa, ingawa herufi bado zinapinda.

Ni miezi minne tangu tukuzike, na hapa kijijini hakujatulia. Ziwa limerudi nyuma sana. Kile kisiwa ulikozaliwa sasa tunakifikia kwa miguu, na watu wa wilaya ya ng'ambo nao vilevile. Majani ya ng'ombe yamebaki kule tu. Wanaume wetu wanachunga na mikuki.

Siku ile ya mkutano wa mpaka, Bwana Shauri, yule afisa wa serikali, alitandaza ramani yake. Mstari wa mpaka ulifika majini ukakatika. Akakugeukia wewe.

"Bibi, kisiwa ni cha nani?"

Uliinuka kwa shida. "Baba yangu alichunga upande huu wa jiwe kubwa. Wa ng'ambo walichunga upande ule. Hakuna aliyemfukuza mwenzake."

Kelele zilizuka. Mwenyekiti wa kijiji akauliza umehongwa nini. Nami, binti yako, nilikaa kimya.

Baada ya hapo wanawake walikuwa wakikuona kisimani wanaondoka. Ulijitwika ndoo peke yako mpaka homa ikakulaza.

Hukuona maziko yako, mama. Wanaume watatu tu ndio waliokuja kuchimba. Mara wakatokea watu wa ng'ambo, majembe begani. Vijana wetu wakawazibia njia, mikuki mkononi. Nilijua damu itamwagika hapo hapo, wewe ukiwa bado hujafukiwa. Mzee wao akasema, "Tumekuja kuzika. Mkitaka kutuua, ngojeni tumalize." Kisha mume wangu akaenda, akampokea yule mzee jembe. Ndipo nilipoweza kulia.

Wiki hii uamuzi umetoka: mpaka utapita kwenye jiwe, kama ulivyosema. Kesho wanaweka alama. Vijana wameapa kuzing'oa mbele ya Bwana Shauri, na wa ng'ambo wamesikia. Vijana wetu wanasema uamuzi umejengwa juu ya uongo wa kizee.

Uongo ulikuwa wangu. Asubuhi ya mkutano, tukisaga mtama, nilikuomba: "Mama, sema tu ni chetu. Wajukuu wako wanataka maziwa." Ulinitazama, ukaendelea kusaga. Hukumwambia mtu. Walipokuita mwongo ungeweza kuninyooshea kidole, nawe hukufanya hivyo. Hata mume wangu hajui.

Kesho nitakwenda kisiwani na kuwaambia wote: aliyetaka kudanganya ni mimi, mama yangu alikataa. Sijui watanifanya nini. Wakinitenga kisimani, nitajua ulivyoishi siku zako za mwisho.

Pumzika, mama. Nakuahidi nitasema kabla alama ya kwanza haijawekwa. Nikingoja ya pili, nitaogopa.

Binti yako