Msiba wa Leicester Niliousingizia

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kutoka huku Ilford, Uingereza. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Mimi moyo umechoka, na daktari hajanificha.

Umeniuliza kama ni kweli anavyosema baba yako akikukataza safari yako, kwamba wanawake wa kwetu hawaendi likizo za baiskeli. Si kweli. Mwaka mmoja baada ya babu yako kufariki, niliaga kwamba nakwenda msibani Leicester, nikapanda ndege hadi Kroatia. Wiki nzima niliendesha baiskeli kando ya bahari, nikivuka kwa feri kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Kosa langu lilikuwa kusingizia msiba. Watu wetu hawamwachi mtu aende msibani peke yake. Siku ya tatu nilikuwa nasukuma baiskeli mlimani, bahari yote iko chini yangu, wifi yangu Mwanaidi akapiga simu.

"Niko Leicester na sufuria la pilau. Msiba uko nyumba gani?"

"Wifi, niko Kroatia. Naendesha baiskeli."

"Mjane mzima wewe! Watu watasemaje?"

"Kwani nani atawaambia?"

Alicheka mpaka simu ikakatika. Siri ile amekufa nayo.

Uongo ule naujutia. Safari siijutii hata kidogo. Wewe nenda, na barua hii mpe baba yako aisome sasa, kabla sijafa. Akitaka kugomba, aje anigombeze mimi. Pumzi ya kumjibu bado ninayo.

Bibi yako,
Zuhura