Madaftari Manne

Mjukuu wangu Deo,

Marahaba. Shikamoo yako nimesomewa na shangazi yako hapa Malangali. Yeye anapukuchua mahindi, mimi baridi imenishika magoti.

Umeuliza kama nilisikitika duka la vitabu la mjini lilipofungwa. Hapana. Siku hizi mle wanauza makava ya simu, nami napita bila kugeuza shingo.

Nilipokuwa kijana kama wewe niliandika hadithi, ikajaza madaftari manne. Nikapanda nayo milima kwa miguu kutoka kijijini kwetu Mtowisa, kule bondeni, mpaka duka lile. Mwenye duka hakufungua hata moja. Alitazama vumbi la miguu yangu, akasema, "Kijana, vitabu vinatoka Dar es Salaam. Havitoki Mtowisa." Nami nikajibu, "Samahani, mzee." Samahani! Nyumbani nikampa mama madaftari yale awashie moto.

Leo wewe umeandika kitabu chako, umekiweka mtandaoni, na watu wanakinunua kwa simu bila wewe kumpigia mtu magoti. Shangazi amenisomea chote. Kina makosa mengi, na mahali pengine unabwabwaja tu, maana hakuna aliyekukosoa. Hata hivyo nimekuonea wivu, mtu mzima mimi, mpaka chakula kikanishinda.

Yule mzee alishakufa, na duka lake limemfuata. Nimemlaumu maisha yangu yote. Lakini yeye alinikataa asubuhi moja tu. Madaftari mapya yaliuzwa pale pale dukani kwake, na mimi sikununua tena hata moja.

Babu yako