Majani ya Taa ya Baba

Murano, 9 Novemba 1974

Mdogo wangu Ermes,

Barua yako ya Australia imefika. Huku maji yalipanda mpaka kizingitini, yakashuka. Paka amezaa ndani ya sanduku la viatu vyako.

Baba bado anakwenda tanurini kupuliza kioo. Moto umemla macho, na majani ya kioo ya kupambia taa anayopuliza siku hizi yamepinda, hayauziki. Lakini nani atamwambia fundi mkuu amekosea mbele ya tanuri lake? Basi akishaondoka, mimi na msaidizi wake Bortolo tunayavunja, tunayarudisha chunguni yayeyuke. Kesho yake anapuliza kioo kilekile.

"Wateja wa Milano wameyapenda?" huniuliza mezani.

"Mno, Baba."

Jana alitoa bomba la kupulizia mdomoni ghafla. "Bortolo, mwongo mkubwa we! Kioo hiki kimechoka. Nimeshakipuliza mimi."

Bortolo akainama. Nami nikageukia chungu. Baba akangoja, akangoja, kisha akarudisha bomba mdomoni, akapuliza jani jingine.

Leo ametutangulia kuamka. "Haya, Nives, tutachelewa!"

Niambie, mdogo wangu: jioni nivunje, au nisivunje?

Dada yako,
Nives